Bikaboneti, magadi au chokaa? Kuchagua kituliza asidi cha ng'ombe wa maziwa

Nenda duka lolote la pembejeo, mwambie muuzaji kwamba ng'ombe wako anaharisha, krimu ya maziwa imepungua na miguu ya nyuma inamsumbua. Hutatoka mikono mitupu. Atakupa kifuko, na ndani yake kunaweza kuwa na bikaboneti ya sodiamu, oksidi ya magnesi, chokaa ya mifugo, unga wa mwani kutoka Ulaya, au mchanganyiko wa vyote hivyo wenye jina la kuvutia. Vyote vinauzwa kama vituliza asidi ya tumbo, lakini havifanyi kazi moja, na kimoja kati yao karibu hakigusi tatizo lenyewe.

Ulinganisho huu ni wa ng'ombe wa kwetu: chotara wa Friziani au Ayrshire anayefugwa bandani, mwenye kilo 400 hadi 450, anayekula mabingobingo, mabua na pumba, na kutoa lita 8 hadi 20 kwa siku. Nasema hivyo mapema kwa sababu vipimo vingi vilivyoandikwa kwenye mifuko ni vya ng'ombe wa Marekani au Ulaya, anayekula zaidi ya kilo 20 za chakula kikavu kwa siku. Huyu wetu anakula kilo 10 hadi 14 ukiondoa maji yaliyomo kwenye majani. Ukimpimia kama yule, unamwaga pesa kwenye hori.

Asidi inatoka wapi

Tumbo la kwanza la ng'ombe, yaani rumeni, limejaa vijidudu vinavyochachusha chakula, na uchachushaji huo huzaa asidi. Si ugonjwa; asidi hizo ndizo chakula chake halisi. Shida huanza zinapozalishwa haraka kuliko zinavyofyonzwa. Wanga wa mahindi, molasi na unga laini wa kiwandani huchachuka kwa kasi, majani makavu huchachuka polepole. Rumeni yenye afya hukaa kwenye pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi imezidi) ya 6 hadi 7. Ikishuka chini ya 5.6 au hapo karibu na kubaki huko kwa saa kadhaa kila siku, vijidudu vinavyosaga nyuzi hudhoofika, hamu ya kula huyumba, ukuta wa rumeni huvimba, na baada ya wiki au miezi kwato zinaanza kuuma.

Ng'ombe ana dawa yake mwenyewe, nayo ni mate. Hutoa lita 100 hadi 150 kwa siku, mengi yakitoka wakati wa kula na kucheua, na mate hayo yana bikaboneti na fosfeti ndani yake. Ukipiga hesabu ya bikaboneti peke yake, ni nguvu inayozidi kilo moja ya ile ya dukani kila siku. Sasa tazama kijiko chako cha gramu 100: ni kama sehemu ya kumi tu ya kile anachojitengenezea bure. Ng'ombe aliyepoteza theluthi ya muda wake wa kucheua amepoteza zaidi ya ambacho kifuko chochote kitamrudishia. Ndiyo maana katika ulinganisho huu mshindani wa kwanza si kifuko. Ni nyasi.

Mshindani wa kwanza: nyasi ndefu na ratiba ya pumba

Kabla hujanunua chochote, ingia bandani zikishapita saa mbili tangu ulishe. Kati ya ng'ombe waliolala, zaidi ya nusu wanapaswa kuwa wanacheua. Chagua mmoja, subiri tonge lipande shingoni, kisha hesabu anatafuna mara ngapi kabla ya kulimeza. Kawaida ni 50 hadi 70. Akimeza baada ya 35 au 40, na jirani yake vilevile, chakula hakina nyuzi za kumfanyisha kazi. Halafu angalia chini. Kinyesi cha asidi huwa laini, kina mng'ao na vipovu vidogo, na ukikikanyaga unaona punje za mahindi zilizopita nzima. Dalili inayonishawishi zaidi ni kuyumba: ng'ombe yuleyule leo kinyesi kigumu, kesho kinatiririka, na chakula hakijabadilika.

Kwenye maziwa, usitegemee laktomita, ile ya kupimia uzito wa maziwa. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo maziwa yaliyopungua mafuta husoma juu kidogo, si chini, na utajisifu bure. Kipimo kinachokuambia ukweli ni cha Gerber, kinachopima mafuta yenyewe, ambacho vyama vingi vya ushirika na vituo vya kukusanyia maziwa wanacho. Waombe wakupimie.

Mambo matatu huharibu kucheua kuliko yote katika mabanda ya nyanda za juu, iwe Nyandarua, Kiambu, Hai au Rungwe. La kwanza ni mashine ya kukatia majani iliyowekwa kukata laini mno. Vipande vya sentimita 2 hadi 3 vinatosha. Mabua yaliyosagwa kuwa unga yanajaza tumbo lakini hayamcheulishi. La pili ni mabingobingo machanga ya msimu wa mvua, ambayo sehemu kubwa ni maji. La tatu, na hili ndilo nalolaumu mara nyingi zaidi, ni kumwagia ng'ombe pumba kilo tatu au nne kwa mpigo wakati wa kukamua, tena kabla hajala jani lolote. Zigawe. Asizidi kilo 2 kwa mlo mmoja, atangulie kula majani makavu, na baada ya kuzaa mpandishie taratibu, nusu kilo kila baada ya siku mbili au tatu. Vinyweleo vya ukuta wa rumeni vinavyofyonza asidi huhitaji wiki nne hadi sita kukua vya kutosha kwa chakula kipya. Hakuna soda inayofupisha muda huo.

Gharama ya haya yote ni jasho na marobota machache ya nyasi za Rhodes. Kwa ng'ombe wa lita 8 hadi 10 anayekula kilo 2 au 3 za pumba kwa siku, naona ushindani unaishia hapa: fedha ya kifuko mnunulie nyasi kavu.

Bikaboneti ya sodiamu

Akishavuka kilo 5 au 6 za pumba na unga kwa siku, au anapokula sileji (majani yaliyovundikwa) nyingi ya mahindi, bikaboneti inaanza kustahili bei yake. Ina sifa moja inayoitofautisha na vingine: nguvu yake ya kukinza asidi iko karibu na pH ya 6.3, palepale rumeni inapotaka kukaa. Inayeyuka upesi, inafanya kazi upesi, na haiwezi kuipandisha rumeni kupita kiasi kwa kipimo cha kawaida. Tafiti za miaka mingi zimeonyesha kwamba faida yake, hasa kwenye mafuta ya maziwa, huonekana zaidi penye sileji ya mahindi na nafaka nyingi, na hupungua au kutoweka penye nyasi kavu nyingi na majani ya jamii ya kunde. Mwenye lusina na desmodi za kutosha bandani kwake asishangae akiiweka na asione tofauti.

Kipimo ni kati ya asilimia 0.75 na 1 ya chakula kikavu. Kwa ng'ombe wetu wa kilo 12 za chakula hiyo ni gramu 90 hadi 120 kwa siku, ikichanganywa ndani ya pumba na kugawanywa kwenye milo. Kuiweka kwenye ndoo kando ili kila ng'ombe alambe anavyotaka ni utaratibu unaopendwa kwa sababu hauna kazi. Lakini anayehitaji zaidi si lazima awe ndiye anayelamba zaidi.

Kuna mambo mawili ambayo muuzaji hasemi. Kwanza, asilimia 27 ya bikaboneti ni sodiamu. Gramu 100 zina sodiamu sawa na gramu 70 hivi za chumvi ya jikoni, kwa hiyo punguza chumvi unayochanganya, ila usiiondoe yote kwa sababu klorini anaihitaji pia. Pili, maji. Mwaka 1993 watafiti Russell na Chow wa Marekani walitoa hoja kwamba sehemu kubwa ya kazi ya bikaboneti hutokana na kumfanya ng'ombe anywe maji zaidi: maji yanapita kwa kasi rumenini, yanabeba wanga kabla haujachachuka wote, na asidi inapungua. Wanaobishana na hoja hiyo wapo, lakini kwa mfugaji matokeo ni yaleyale. Ng'ombe anayenyweshwa mara mbili kwa siku kwa ndoo hatapata faida ya bikaboneti uliyoilipia. Anahitaji maji mbele yake muda wote.

Ukanda wa pwani, Tanga au Kilifi, naipa alama ya ziada. Ng'ombe anayehema kwa joto anapoteza hewa ya kaboni kwa pumzi, na bikaboneti ya damu inapungua pamoja nayo. Mate yanadondoka chini badala ya kumezwa, na majani anayakwepa akichagua pumba. Mwisho wa yote hayo ni mmoja: asidi rumenini.

Hesabu ya fedha ni rahisi. Chukua bei ya kilo, gawa kwa kumi, hiyo ndiyo gharama ya siku. Kama kilo moja ina bei ya lita tatu za maziwa, basi ng'ombe anatakiwa akurudishie zaidi ya sehemu tatu za kumi za lita kila siku, au akuepushe na gharama ya kwato. Mnunuzi wako akilipa kwa lita tu bila kuangalia mafuta, mafuta yaliyopanda kutoka asilimia 3.1 hadi 3.5 hayataonekana kwenye malipo yako.

Magadi

Hapa ndipo maswali ni mengi, na ni haki yawepo. Magadi ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron ni bikaboneti na kaboneti ya sodiamu zilizoungana kiasili, aina ileile ya madini inayochimbwa Wyoming, Marekani, ambayo ikisafishwa huuzwa huko kama kituliza asidi cha ng'ombe. Gramu kwa gramu, yakiwa safi, yana nguvu zaidi kidogo kuliko bikaboneti ya kawaida kwa upande wa kumaliza asidi. Wafugaji wa Bonde la Ufa wamekuwa wakiwalambisha mifugo magadi tangu zamani, na kule Magadi kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Mtu ana gunia la magadi kwa bei ya chini, kwa nini akanunue kifuko cha bei ghali?

Jibu ni floraidi. Maji ya Ziwa Magadi na ya Ziwa Natron yana floraidi nyingi, na inaingia kwenye mabonge yenyewe kwa viwango vinavyotofautiana toka bonge hadi bonge. Magadi ya kulainishia maharage yametajwa kuwa moja ya vyanzo vya meno ya kahawia kwa watu wa maeneo ya Arusha, na hayo ni ya kubana vidole tu chunguni. Gramu 100 kila siku kwa miaka mitano ya kukamuliwa ni jambo jingine. Floraidi hukaa kwenye mifupa na meno: meno hupata madoa na kulika mapema, mifupa hukakamaa, ng'ombe anachechemea. Yaani unaweza kumtibu asidi ili asichecheme, na kumchechemesha kwa njia nyingine. Walio hatarini zaidi ni mitamba ambao meno yao bado yanajengeka. Ng'ombe anayelamba bonge mara mojamoja machungani simtilii shaka. Kuyafanya magadi ghafi kuwa kipimo cha kila siku ndiko ninakokataa. Na kwa walio kwenye maeneo ambayo hata maji ya kisima yana floraidi, kama sehemu za Arusha na Nakuru, hata bei ya bure ni ghali.

Angalia pia unachopewa dukani. Soda ya kufulia, ambayo ni magadi yaliyochomwa kiwandani, ni kaboneti tupu, kali, inayounguza mdomo, na ng'ombe ataacha pumba zote kwa sababu yake. Kostiki ya kutengenezea sabuni ni sumu kabisa. Zote nyeupe, zote zinapimwa kwa kilo kwenye mifuko isiyo na maandishi, na ukiomba "soda" tu unaweza kupewa yoyote. Nunua iliyofungwa na kuandikwa bikaboneti ya sodiamu.

Oksidi ya magnesi

Huyu mdogo ana nguvu. Kwa hesabu ya kemia gramu moja humaliza asidi mara nne ya gramu moja ya bikaboneti. Lakini hiyo ni hesabu ya maabara. Haiyeyuki kirahisi, na kiasi kinachoyeyuka hutegemea ilichomwa kwa joto gani kiwandani na ilisagwa laini kiasi gani. Mifuko miwili yenye asilimia ileile ya magnesi inaweza kutoa matokeo mawili tofauti kabisa. Tena ni chungu. Ukimpa peke yake ananusa na kugeuka. Ichanganye na molasi au mashudu.

Ninachokipenda ni kwamba inafanya kazi mbili. Mabingobingo yanayokuzwa kwa samadi ya banda lilelile mwaka hadi mwaka hujaa potasiamu, na potasiamu nyingi rumenini huzuia magnesi isifyonzwe. Kwa hiyo mfugaji mwenye ekari nusu, anayerudisha samadi yote kwenye mabingobingo, anaweza kuwa na ng'ombe mwenye upungufu wa magnesi bila kujua. Oksidi inaziba pengo hilo huku ikipunguza asidi. Pamoja na hayo, magnesi husaidia kiwele kuchukua malighafi ya kutengenezea mafuta ya maziwa.

Kwa ng'ombe wetu kipimo ni gramu 30 hadi 40 kwa siku. Ukizidisha anaharisha, na utadhani ni asidi imerudi. Mchanganyiko wenye rekodi nzuri ni bikaboneti sehemu tatu kwa oksidi sehemu moja: gramu 90 na 30. Kwa anayekamua lita 18 na zaidi, mchanganyiko huu ndio ninaouchagua kuliko bikaboneti peke yake.

Chokaa na majivu

Chokaa ya mifugo ni nzuri kwa kalisi, na ng'ombe wa maziwa anaihitaji. Kama kituliza asidi cha rumeni ni dhaifu mno. Kwenye pH ya rumeni huyeyuka kidogo sana; kazi yake kubwa ya kupunguza asidi inakuja mbele zaidi, kwenye utumbo. Mfuko ulioandikwa kituliza asidi, ukisoma viambato ukakuta chokaa imetangulia, jua umenunua kalisi kwa bei ya juu.

Majivu ya jikoni sina mengi ya kuyasema. Yana ukali usiotabirika na yana potasiamu, ambayo tumeshaona inafanya nini kwa magnesi.

Mwani wa chokaa na chachu

Unga wa mwani unaoletwa kutoka Ulaya unatokana na mwani mgumu uitwao Lithothamnion, wenye mifupa ya kalisi na magnesi iliyojaa vitundu. Kwa sababu ya vitundu hivyo unayeyuka vizuri kuliko chokaa, na polepole kuliko bikaboneti, kwa hiyo kazi yake inadumu saa nyingi zaidi baada ya mlo. Hauna mzigo wa sodiamu, na kipimo ni kidogo, kama gramu 40 hadi 60 kwa ng'ombe wa kwetu. Ni bidhaa nzuri. Tatizo ni bei na upatikanaji, na kwa banda la ng'ombe wawili sioni sababu ya kuukimbilia. Wapo wanaouliza kama mwani wa Zanzibar unaweza kushika nafasi yake. Hauwezi: ule ni mwani laini unaokuzwa kwa ajili ya utomvu wake, hauna mifupa hiyo ya kalisi.

Chachu hai inafanya kazi kwa njia nyingine. Haimalizi asidi, inawasaidia vijidudu wanaokula asidi ya laktiki. Inafaa pamoja na vituliza asidi, si badala yake, na lazima iwe hai kweli. Mfuko uliokaa miezi dirishani juani hauna kitu ndani.

Kwa hiyo achukue nani kipi

Ng'ombe wa lita 10 kushuka chini: nyasi kavu, pumba zilizogawanywa, maji, jiwe la kulamba. Basi.

Wa lita 12 hadi 18 anayekula kilo 5 za pumba na zaidi: rekebisha ukataji wa majani kwanza, subiri wiki mbili, pima mafuta. Kama kinyesi bado kinayumba, bikaboneti gramu 100. Ipe wiki tatu, pima tena kituoni, na kama hakuna kilichobadilika, iache. Huna sababu ya kuendelea kuilipia. Wa lita 18 kwenda juu, au aliyezaa karibuni na anapandishiwa pumba, mpe bikaboneti na oksidi kwa pamoja tangu mwanzo, usingoje dalili.

Ng'ombe aliyevunja kamba usiku na kumaliza nusu gunia la unga si mgonjwa wa vifuko hivi. Huyo ni wa daktari wa mifugo, asubuhi hiyohiyo.

Na kuna ng'ombe mmoja asiyetakiwa kuguswa na bikaboneti kabisa, ingawa anakula hori moja na wenzake: aliyekaushwa, yaani aliyeachishwa kukamuliwa, katika wiki tatu za mwisho kabla ya kuzaa. Sodiamu ya bikaboneti huifanya damu yake ielekee upande wa alkali, na katika hali hiyo mwili unachelewa kutoa kalisi kutoka kwenye mifupa siku maziwa yanapoanza kushuka. Matokeo yake ni homa ya maziwa: ng'ombe amezaa salama jioni, asubuhi yuko chini, masikio baridi, shingo imepinda ubavuni. Kiwele nacho huvimba maji zaidi. Kama unachanganya bikaboneti kwenye pipa moja la pumba za banda zima, mchotee huyo pumba zake kabla hujaitia.